Kwa nini dume wa mraye hugombea kiwanja kisicho na nyasi?

Swali: "Najifunza kazi ya kuongoza watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, Uganda. Pale Kasenyi kuna mahali madume wa mraye husimama wengi pamoja, kila mmoja na kipande chake cha ardhi, na nyasi za kipande hicho hazimshibishi hata mbuzi. Hatua chache tu kutoka hapo nyasi ni nzuri na hakuna anayezigombea. Kuro naye, karibu na maji, ana eneo pana lenye majike. Pongo hutembea peke yake vichakani. Wote ni swala na wanaishi hifadhi moja. Kwa nini tabia zao hazifanani, na niwaelezeje wageni bila kuwadanganya?"

Jibu: Ndugu yangu, kwanza mwache dume. Najua macho ya mgeni humwendea yeye kwanza, maana ndiye mwenye pembe na ndiye anayepiga mluzi na kupigana. Lakini jibu la swali lako liko kwa jike. Jiulize anakula nini, chakula hicho kimetawanyikaje ardhini, na wakati anakula anajikinga vipi na simba. Jike hupanga maisha yake kwa tumbo na kwa hofu, na dume hupanga yake kwa kumfuata jike. Ukishajua majike wamekaaje, utabashiri madume watafanya nini hata kabla ya kuwaona.

Mwaka 1974 mtafiti Peter Jarman aliwapanga swala wa Afrika kwa kulinganisha ukubwa wa mwili, aina ya chakula na ukubwa wa kundi, na mpangilio ule bado unasaidia sana. Mnyama mdogo hutumia nguvu nyingi kwa kila kilo ya mwili wake, kwa hiyo hawezi kuishi kwa nyasi ngumu. Anahitaji machipukizi, matunda na majani laini. Vitu hivyo hupatikana kimoja hapa na kingine kule, na ukila wewe mwenzako hapati. Ndiyo maana paa wadogo wa msitu wa Kibale huishi mmoja mmoja au wawili wawili, na hatari ikija hujificha. Mnyama mkubwa kama nyati hushiba kwa nyasi za kawaida, nazo zipo kwa wingi. Mia wanaweza kula pamoja bila kunyimana. Mahali peupe hawana pa kujificha, kwa hiyo usalama wao ni wingi wa macho na wingi wa miili. Swala wako watatu wako kati ya ncha hizo mbili, kila mmoja mahali pake.

Pongo, ambaye Waganda humwita engabi, huchagua majani, maua na vichipukizi vya vichakani. Silaha yake dhidi ya chui ni kutulia kimya na kutoonekana, na kundi kubwa lingemharibia silaha hiyo. Hata hivyo usimwambie mgeni kwamba pongo hana jamii. Torsten Wronski na Ann Apio waliwachunguza pongo wa rasi ya Mweya, humo humo hifadhini kwako, wakakuta majike wenye maeneo yanayoingiliana ni wa ukoo mmoja wa mama. Hutembea peke yao, ila jirani zao ni ndugu. Dume mzima naye hujitengea sehemu ya katikati ya eneo lake ambayo madume wazima wengine hawaitumii, huku maeneo ya majike yakipita humo humo.

Kuro hufungwa na maji. Mwili wake hupoteza maji mengi kuliko swala wengine wa nyika na hauwezi kubana matumizi, kwa hiyo hawezi kukaa mbali na ziwa au mto. Ukanda wa pwani ya Ziwa Edward, Ziwa George na Mfereji wa Kazinga ni mwembamba na haubadiliki mahali. Majike wa kuro hurudi humo siku baada ya siku, na nyasi za hapo huwatosha mwaka mzima. Kwa dume hiyo ni bahati kubwa. Akimiliki kipande cha pwani chenye maji, malisho na kivuli, majike watapita kwake wenyewe. Hana haja ya kuwafungia, kwani anamiliki kile wanachokihitaji. Himaya ya namna hii inalipa, na dume mwenye nguvu huishikilia kwa muda mrefu kwa sababu anakula humo humo. Lakini kuwa makini na neno "majike wake". Majike wa kuro huvuka mipaka ya madume kadiri wapendavyo. Kundi unaloliona leo kwa dume huyu, kesho litakuwa kwa jirani.

Sasa mraye, ensunu wa Waganda, huyo aliye kwenye nembo ya taifa pamoja na korongo taji. Jike wake hupenda nyasi fupi na changa za uwandani, zile zinazochipua baada ya moto au mvua, au baada ya viboko na nyati kuzifyeka. Tatizo kwa dume ni kwamba nyasi hizo huhama. Mwezi huu ziko bondeni, mwezi ujao ziko kilomita kadhaa kutoka hapo, mahali palipoungua. Majike huzifuata kwa makundi makubwa yanayojigawa na kuungana kila siku. Dume akimiliki kipande chenye nyasi nzuri leo, wiki ijayo atakuwa analinda mabua. Na kundi la majike mia hawezi kulizunguka na kulilinda peke yake dhidi ya madume wengine.

Hapa naomba uchukue kalamu, maana hesabu ndogo itakufungua macho. Mimba ya mraye huchukua karibu miezi 8. Baada ya kuzaa, jike hurudi kwenye joto, yaani huwa tayari tena kupandwa, baada ya wiki kadhaa, tuseme mwezi mmoja na nusu. Jumla ni siku 285 hivi, na joto lenyewe hudumu takribani siku moja. Kwa kuwa hapa tuko kwenye ikweta na mvua huja mara mbili kwa mwaka, majike huzaa miezi yote. Chukua uwanda wenye majike 500, gawanya kwa 285: kwa siku moja, majike walio tayari kupandwa hawafiki wawili. Dume ambaye angefanikiwa kujikusanyia majike 20 angesubiri wastani wa siku 14 ili mmoja tu awe kwenye joto, na siku zote hizo anafukuza wapinzani bure. (Hesabu hii inachukulia kwamba kila jike hushika mimba mara ya kwanza. Wasiposhika, namba hupanda kidogo lakini picha haibadiliki.)

Kwa hiyo dume wa mraye hana chakula cha kumiliki wala kundi la kulinda. Kinachobaki ni kusimama mahali ambapo jike aliye kwenye joto atakuja mwenyewe. Mahali hapo wataalamu hupaita leki, na ndipo ulipopaona wewe.

Utafiti wa kwanza wa kina kuhusu leki za mraye ulifanyika hapa hapa Uganda. Helmut Buechner alianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 katika hifadhi ya Toro, inayoitwa leo Toro-Semliki. Alieleza viwanja vyenye madume 30 hadi 40 kila kimoja, vipande vya katikati vikiwa na upana wa mita 15 hadi 30 tu, vimesongamana mahali ambapo nyasi zimekanyagwa hadi udongo ukaonekana. Alieleza pia madume wenye himaya za upweke nje ya leki, zenye upana wa mita 100 hadi 200 na nyasi za kutosha. Hao hushiba, lakini hupanda mara chache. Karibu kila jike aliye kwenye joto huelekea katikati ya leki, kwenye vipande vichache vile vile.

Kwa nini jike aende huko? Sababu ya kwanza ni bughudha. Akiwa kwenye joto ndani ya kundi, kila kijana dume humkimbiza, na jike anayekimbizwa huku na huko hapati kula, huachana na wenzake, na ni rahisi kunaswa na simba. Ndani ya leki mwenye kipande huwafukuza wengine, na asipomridhisha jike, kipande kingine kiko hatua 20 mbele. Sababu ya pili ni macho. Mwaka 1992 James Deutsch na Peter Weeks walionyesha kwamba majike wa mraye hupendelea leki na vipande ambavyo mtu huona mbali, yaani pasipo na majani marefu ya kumficha simba. Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia kuliko zote, nayo ni harufu. Mwaka huo huo Deutsch na Rory Nefdt walichota udongo wa juu kutoka kwenye vipande vilivyokuwa vikitembelewa sana na majike, wakaumwaga kwenye vipande visivyopendwa. Majike wakaanza kwenda kule ulikopelekwa udongo. Inaelekea jike husoma mkojo wa majike waliomtangulia. Palipopita wengi walio kwenye joto ndipo naye anapopaamini. Hii hueleza kwa nini kipande fulani kinaendelea kupendwa hata mwenyewe akibadilika, na kwa nini madume wanapigania kipande hicho hicho hadi kuumizana.

Gharama yake ni kubwa. Dume wa katikati hali vya kutosha na anapigana mara kwa mara. Akitoka kwenda kunywa maji au kula, akirudi hukuta mwingine amesimama mahali pake na lazima apigane upya. Wengi hudumu katikati kwa siku chache tu, kisha hurudi kwenye kundi la mabachela, yaani madume wasio na himaya, kujijenga upya. Mgeni akikuuliza kwa nini dume fulani amekonda mbavu nje huku "ndiye mfalme", hiyo ndiyo sababu.

Ukitaka kuona jinsi mazingira yanavyobadilisha maisha ya mraye, tazama kaskazini. Mraye wenye masikio meupe wa Sudan Kusini ni jamii ya mnyama huyu huyu, lakini nchi yao hufurika upande mmoja na kukauka upande mwingine. Wao huhama kwa maelfu kwa maelfu, na kupandana kwao kuna msimu wake, tofauti na hawa wetu wanaopandana mwaka mzima.

Kanuni ya "dume hufuata jike, jike hufuata chakula na usalama" usiifanye dini, lakini ijaribu kwa wanyama wengine wa hifadhi yako. Simba Jacob, yule aliyepoteza mguu mmoja kwa mtego, alivuka Mfereji wa Kazinga kwa kuogelea pamoja na ndugu yake Tibu mwezi Februari 2024, zaidi ya kilomita moja majini penye viboko na mamba. Watafiti waliorekodi tukio hilo wanaona sababu inayowezekana zaidi ni uhaba wa majike. Katika pori lenye afya simba jike huwa wengi kuliko madume, lakini hapo uwiano umepinduka, na sumu na mitego ya binadamu imechangia. Saa chache kabla ya kuogelea, ndugu hao walikuwa wameshindwa vita vya kugombea majike. Dume hufuata jike hata majini, na aliyewapunguza majike si nyasi wala mvua, ni sisi. Naliona jambo hilo kuwa zito, na sioni ubaya mwongozaji kulisema wazi mbele ya wageni.

Nguchiro miraba wa Mweya, wanaochunguzwa tangu mwaka 1995, watakuonyesha pale kanuni inapohitaji nyongeza. Wanaishi makundi ya takriban 20, majike kadhaa huzaa kwa pamoja, na mara nyingi huzaa usiku mmoja. Atakayetangulia kuzaa yuko hatarini, kwani wenzake wenye mimba wanaweza kuwaua watoto wake. Atakayechelewa, watoto wake watazidiwa nguvu na waliotangulia. Wakizaa pamoja hakuna mama anayejua wa kwake ni yupi, na wote wananyonyesha wote. Kwa kuwa wengi hubaki kundi walikozaliwa, hatari ya kuzaa na ndugu ni kubwa. Basi majike walio kwenye joto huliongoza kundi hadi kwa majirani, vita vikaanza, na katikati ya vurugu wakapandwa na madume wa upande wa pili. Wanaokufa zaidi katika vita hivyo ni madume, ambao hawakufaidika. Hapa jike hafuati chakula tu, anatumia hata vita.

Turudi Kasenyi, kwenye kazi yako.

Fika kabla ya saa 1 asubuhi. Leki huchangamka alfajiri na jioni, na jua likikolea madume hulala au husimama tu, na mgeni ataondoka akidhani umetia chumvi. Baki kwenye barabara, zima injini, usimruhusu mtu kusimama juu ya paa la gari. Dakika 10 za kwanza usieleze kitu. Hesabu tu wenye pembe (jike wa mraye hana) walio wima, vichwa juu, wameachana mita 15 au zaidi. Chora duara kwenye daftari, weka nukta kwa kila mmoja, na tumia alama za kudumu kama kichuguu, mti au jiwe. Wape majina kwa pembe iliyovunjika, sikio lililochanika, kovu la shingo. Kisha kila baada ya dakika 10 andika idadi ya majike na wako kwenye kipande cha nani. Ukifanya hivyo asubuhi 5 hadi 7 mfululizo, utajua vipande vipi vinapendwa na dume gani ameng'olewa, na utazungumza kwa ushahidi wako mwenyewe.

Ishara za kutazama: dume huinua kichwa na kuonyesha koo jeupe, hutembea kwa madaha kumwelekea jike, hunusa mkojo wake akikunja mdomo wa juu, humgusa kwa mguu wa mbele uliokakamaa. Baada ya kupanda hupiga mluzi, na majirani huitikia. Jike mmoja huweza kupandwa mara nyingi ndani ya siku hiyo moja, wakati mwingine na madume zaidi ya mmoja.

Makosa ninayoyasikia zaidi ni haya. Kwanza, kuita kundi la mabachela leki. Mabachela huwa karibu karibu, vichwa chini wanakula, na wadogo wamechanganyika na wakubwa. Kwenye leki wote ni wazima, wameachana, na ardhi imechakaa. Pili, kuona majike sita kwenye kipande kimoja na kusema "hawa ni wake zake". Baada ya saa moja hawapo, na mgeni makini atakuuliza. Tatu, kusema madume hujitoa kwa ajili ya kuboresha uzao wa mraye wote. Hakuna dume anayefikiria uzao wa wote. Kila mmoja anatafuta nafasi yake mwenyewe ya kuzaa, na majike wanachagua kwa faida yao. Nne, kumwita dume wa pembeni dhaifu au mgonjwa. Anaweza kuwa kijana anayesogea katikati kipande kwa kipande, au mzee wa jana aliyeng'olewa.

Kosa kubwa kuliko yote ni gari kukata kona kupitia leki ili mgeni apate picha. Majike hutawanyika, na kama hesabu yetu inavyoonyesha, huenda mmoja au wawili tu ndio waliokuwa tayari siku hiyo. Ukimkimbiza jike huyo asipandwe, umefuta asubuhi nzima ya uwanja mzima. Magari yakirudia kila siku, majike wanaweza kuhamia pengine, na harufu iliyojengeka udongoni ikapotea.

Ikitokea umefika ukakuta leki uliyoizoea iko tupu, usiseme wanyama wamekwisha. Tazama kwanza nyasi: zikiwa zimepanda hadi tumboni kwa mraye, au vichaka vimeingia, majike hawaoni mbali na hawatakuja. Tazama kama kuna simba amelala karibu. Halafu tafuta palipoungua wiki mbili tatu zilizopita. Majike wakiwa huko, madume wachache wenye himaya za upweke watakuwa wameshatangulia pembezoni, na hapo unaweza kuwaonyesha wageni namna ya pili ya dume wa mraye, yule anayeshiba.